Kete ya Tisa

Sisi wastaafu wa Mtoni hatuna ofisi, lakini tunayo maskani. Yapo chini ya mwembe mmoja mkubwa, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, mahali ambapo mngurumo wa magari yaendayo Mbagala husikika mchana kutwa kama mvumo wa bahari iliyo karibu. Baada ya sala ya alasiri huja mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake au kipande chake cha mkeka. Muuza kahawa hupita na birika lake akigonganisha vikombe. Katikati yetu hukaa bao.

Kwa msomaji asiyelijua bao la Kiswahili, nieleze kwa kifupi, maana bila hivyo kisa changu hakitaeleweka. Ni ubao wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, na zile nzuri ni mbegu za mkomwe, ngumu kama jiwe na za rangi ya kijivu, ambazo watoto wa pwani huziokota ufukoni. Kila mtu huanza na kete 32: kumi huwekwa ubaoni, sita kati ya hizo katika shimo la mraba liitwalo nyumba, na 22 hubaki mkononi. Hatua ya kwanza ni ya namua, ambapo kila zamu huingiza kete moja ya mkononi. Zikiisha, huja hatua ya mtaji, ambapo mtu hucheza kwa zile zilizomo ubaoni tu. Unazichota kete za shimo moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Ukiwa katika kula, na kete yako ya mwisho ikaangukia shimo la mbele lenye kete, huku shimo la mwenzako linalolikabili nalo lina kete, unazila zake na kuzipanda upande wako. Ikiangukia shimo lenye kete bila ya kula, unazichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Anayemalizwa kete zote za safu yake ya mbele ameshindwa. Hapo husemwa neno moja tu: hamna.

Mimi mchezo huu niliuona kwanza Utete, kwa babu yangu, kabla sijaanza shule. Watoto hatukuruhusiwa kugusa ubao wa wazee, kwa hiyo tulichimba mashimo mchangani tukacheza humo. Baadaye nilikwenda kusomea ualimu Mpwapwa, nikapangiwa shule moja baada ya nyingine, nikawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na bao likabaki kuwa jambo la likizo. Nililirudia kwa bidii nilipostaafu mwaka 2009. Kwa hiyo mimi si bingwa. Ni mchezaji wa ridhaa, tena wa kiwango cha kawaida, ambaye hufunga leo na kufungwa kesho.

Mwaka 2022, mwezi wa Julai, mpwa wangu anayefanya kazi katika hoteli moja ya mjini alinitembelea. Katika mazungumzo alinieleza kwamba alikuwa ameingia katika mashindano ya poka katika kasino moja ya hapa Dar es Salaam. Nilishtuka. Katika utumishi wangu wote karata kwangu zilikuwa ni kamari, na kamari ilikuwa ni wale vijana wa karata tatu kwenye vituo vya mabasi, wanaomvua msafiri nauli yake kabla hajapanda gari. Alicheka, akaniambia kwamba siku hizi michezo hiyo ina sheria yake tangu mwaka 2003, ina bodi yake, na inalipa kodi.

"Halafu Mjomba," akasema, "poka si bahati. Bahati ni karata unazopewa. Mchezo wenyewe ni akili na uso."

Akanieleza. Kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona yeye peke yake. Karata tano nyingine hufunuliwa mezani, za wote. Kila mara watu huweka dau au hujitoa. Mwenye karata mbovu anaweza kushinda ikiwa atajua kukaa kimya, kukaza uso na kuweka dau kubwa, mpaka wenzake waamini kwamba ana karata nzuri. Yeye mwenyewe alikaa mezani na watu asiowajua, mapigo ya moyo wake akiyasikia masikioni, na alitolewa mapema na mama mmoja ambaye hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini hakukata tamaa. Alinipa kisa cha mhasibu mmoja wa Tennessee, Marekani, aitwaye Chris Moneymaker, mchezaji wa ridhaa, ambaye mwaka 2003 aliingia katika mashindano makuu ya dunia ya poka huko Las Vegas kwa kupitia mchujo wa kiingilio kidogo, akawashinda mabingwa na kuondoka na dola milioni 2.5.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikampa mhadhara, maana tabia ya ualimu haistaafu. Nilimwambia kwamba pwani tunazijua karata. Babu zake walicheza wahedi wa sitini na albastini, wakijua shupaza, kopa na uru kabla hoteli yake haijajengwa. Lakini mchezo wa watu wenye akili ni bao, na ndiyo sababu hata Mwalimu Nyerere alilipenda. Katika karata mtu huficha. Katika bao kete zote 64 ziko juu ya ubao au katika hesabu ya wazi, kila mtu anaziona, mchezaji na mtazamaji. "Kwenye bao," nilimwambia, "hakuna mahali pa kuweka uongo."

Niliyasema maneno hayo nikiwa nimeridhika nayo sana.

Mwezi uliofuata wazee wa maskani walitangaza shindano. Lilikuwa shindano la mtaa, si la chama wala la wilaya. Wachezaji 16, mtindo wa mtoano, kiingilio shilingi 5,000 kila mtu. Mshindi wa kwanza mbuzi, wa pili mchele, na watakaofika nusu fainali kilo mbili za sukari kila mmoja. Niliandikisha jina langu siku ya kwanza, na wenzangu wakashangaa, kwa kuwa sikuwa mtu wa mashindano.

Sababu yangu sikumwambia mtu. Mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka 73, na nilikuwa nimeanza kusahau. Kusahau mahali nilipoweka miwani hakukunisumbua, hilo ni la wazee wote. Lakini siku moja nilikuwa nikimsimulia binti yangu habari za shule niliyoiongoza, na nilipofika kwenye jina la mwalimu aliyekuwa msaidizi wangu kwa miaka 11, sikulipata. Nililitafuta hadi usiku. Lilikuja alfajiri nikitawadha, nikalia. Binti yangu hakusema kitu, lakini tangu siku ile alianza kunikumbusha mambo ambayo nilikuwa nayakumbuka.

Kulikuwa na jambo nililolisoma zamani. Mtafiti mmoja Mholanzi, Alexander de Voogt, alikaa Zanzibar na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya akili zao. Alitaka kujua kichwa cha binadamu kinafikia wapi. Maana katika bao zamu moja inaweza kuuzunguka ubao mara nyingi, kula na kupanda, kupanda na kula, na kila kete inabadilisha hesabu ya inayofuata. Mchezaji wa kawaida kama mimi huona hatua chache za mbele, kisha huachia mkono uende. Bingwa huuona mzunguko wote kabla hajagusa kete. Nikajiambia kwamba nikiweza kukaa mbele ya watu na kucheza bao la mashindano bila kuaibika, basi kichwa changu bado ni kizima. Kwa hiyo sikuingia kwa ajili ya mbuzi. Niliingia kujipima, na mtu anayejipima mwenyewe ni msahihishaji mbaya.

Siku ilipofika, Jumamosi, chini ya mwembe yaliwekwa mabao manne. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Miongoni mwao niliwaona watu wazima, wengine wenye mvi, niliowafundisha kusoma na kuandika. Mwamuzi alikuwa mmoja tu, mzee aliyekuwa akipita kutoka bao moja hadi jingine. Kabla ya kuanza alisoma masharti. La mwisho lilihusu watazamaji: atakayefungua mdomo kuhusu mchezo unaoendelea ataondolewa.

Sharti hilo lilikuwa la haki, lakini liliubadilisha mchezo kuliko tulivyofikiri. Bao la maskani ni mchezo wa watu kumi, wawili kati yao wakiwa wamekaa. Waliosimama hucheka, hukejeli, hushauri, na zaidi ya yote husahihisha. Mtu akipanda vibaya hupigiwa kelele na wote papo hapo. Siku ile palikuwa kimya. Nilisikia kete zikigonga ubao, na kwa mara ya kwanza nilisikia pumzi yangu mwenyewe nikicheza. Nikamkumbuka mpwa wangu na mapigo ya moyo wake.

Mchezo wangu wa kwanza sina haja ya kuueleza sana. Nilipangwa na kijana anayecheza haraka, ambaye aliivunja nyumba yake mapema kwa tamaa ya kula kingi, nikamfunga mabao mawili kwa bila. Nilisimama nikiwa na nguvu kama mtu wa miaka 50.

Mchezo wa pili nilipangwa na fundi cherehani wa Mtongani. Nitamwita Fundi, kama tunavyomwita wote. Ni mtu mpole, mdogo wangu kwa miaka kama kumi, na watoto wake wawili walipita mikononi mwangu shuleni. Bao analijua kuliko mimi. Bao la kwanza alinifunga. La pili nikamfunga mimi, kwa kuwa alikubali nyumba yangu isafiri wakati mbaya kwake. Tukaingia la tatu, la kuamua.

Tuliingia hatua ya mtaji karibu sawa kwa sawa. Watu walikuwa wamesogea. Mwamuzi alikuwa bao la mbali, palipokuwa na ubishi. Ilikuwa zamu yangu. Nilikula shimo moja dogo, nikapanda kutoka kichwani, kete ya mwisho ikaangukia shimo la nyuma lenye kete nane. Pamoja na hiyo zikawa tisa. Nikazichota na kuendelea kuzipanda: moja, moja, moja. Mkono wangu, ambao siku hizi hutetemeka kidogo, ulifika shimo la nne. Nikaendelea. Kete ya mwisho ikaangukia safu ya mbele, katika shimo langu lenye kete mbili, na upande wa pili Fundi alikuwa na kete saba. Nikazila. Watazamaji wakaguna.

Nikiwa na kete zake saba kiganjani, kabla sijaanza kuzipanda, macho yangu yalipita kwenye shimo la nne. Shimo hilo lilikuwa tupu nilipoanza mkono ule. Sasa lilikuwa na kete mbili.

Msomaji atakuwa ameelewa. Mkono unaopita mara moja juu ya shimo tupu huacha kete moja. Zilikuwa zimeniponyoka mbili pamoja. Kama ningepanda sawasawa, kete ya tisa ingekwenda shimo moja mbele zaidi, na shimo lile lilikuwa tupu. Ningelala. Kete saba za Fundi zingebaki zake, na zamu ingekuwa yake.

Kuponyoka kwa kete halikuwa kosa la tabia. Ni mkono wa mzee. Lakini nilijua. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, "Fundi, ngoja, nimepanda mbili." Maneno manne. Nilimtazama, naye alikuwa akitazama ubao. Nyuma yangu mtu mmoja alikohoa. Nikafikiri: nikisema, watu watajua kwamba Mwalimu hawezi tena kuhesabu hadi tisa. Binti yangu atasikia. Nikaukaza uso wangu, nikaipeleka kete ya kwanza kichwani, nikaendelea kupanda.

Zamu ile ilipolala, safu ya mbele ya Fundi ilikuwa na kete tatu tu. Zamu mbili baadaye nilisema, "Hamna," kwa sauti ya chini. Watu wakapiga makofi. Fundi alinipa mkono wake miwili, akasema, "Hongera, Mwalimu." Nikaupokea.

Nusu fainali nilipangwa na kijana wa bodaboda, akanifunga mabao mawili kwa haraka ya aibu. Yeye ndiye aliyeondoka na mbuzi. Mimi nilipewa sukari yangu kilo mbili katika mfuko wa karatasi, nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kabati. Binti yangu aliniuliza mbona siifungui. Nikamwambia ile iliyopo bado haijaisha.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, na sikuzote nilidhani inamhusu yule anayenuna na kugombana baada ya mchezo. Sikujua kwamba inamhusu pia anayepeana mkono kwa adabu.

Kuna kisa kingine nilichokuwa nikikisimulia shuleni kila mwaka. Mwaka 1987, katika mtihani wa muhula, mtoto mmoja wa darasa la sita alipewa alama 68 za hesabu. Alizijumlisha upya nyumbani, akakuta ni 58. Asubuhi alikuja ofisini kwangu amebeba karatasi, anatetemeka, akaniomba mwalimu wake ampunguzie. Nilimsimamisha mstarini mbele ya shule nzima, nikampa daftari na kalamu mbili. Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nikiwaambia watoto wafanane na yule. Usiku wa shindano nilijaribu kulikumbuka jina lake, nikalipata mara moja, herufi kwa herufi. Kumbe kichwa changu hakikuwa kibovu kama nilivyoogopa.

Mpwa wangu alipopiga simu kuuliza habari za shindano, nilimweleza yote. Nilidhani atacheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mjomba, wewe ulicheza poka."

Nililifikiri jibu hilo kwa siku kadhaa, na nikaona kwamba alikuwa amenionea huruma. Katika poka, anayekaza uso akiwa na karata mbovu yumo ndani ya sheria. Wote waliokaa mezani wamekubaliana kwamba uso unaweza kusema uongo, na wamejihadhari. Fundi hakukubaliana nami jambo hilo. Alikaa mbele yangu akiamini kwamba tunacheza bao.

Wiki mbili zilipita. Sikwenda maskani, nikasingizia mafua. Hatimaye asubuhi moja niliuchukua ule mfuko wa sukari juu ya kabati, nikatembea hadi Mtongani. Fundi alikuwa kibarazani kwake, ameinamia cherehani, akishona sare ya shule.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu. Tulisikia unaumwa."

"Marahaba, Fundi. Siumwi." Nikakaa kwenye benchi la wateja. Nikamweleza bila kuzunguka: shimo la nne, kete mbili, kete ya tisa. Nikasema kwamba niliona, na kwamba nilinyamaza.

Hakuacha kushona mpaka upindo ulipokwisha. Akakata uzi kwa meno.

"Niliona, Mwalimu."

"Uliona?"

"Niliona. Shimo lilikuwa tupu, likawa na mbili."

"Mbona hukusema? Ilikuwa haki yako."

"Ningesemaje?" akasema, na hakuwa na hasira. "Pale pamejaa watu uliowafundisha. Mwanangu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yako, ndiye aliyekohoa. Nisimame niseme Mwalimu kapanda vibaya? Nikaona bora nisikuvunjie heshima." Akaikunja sare, akaiweka kando. "Halafu nilikuwa nangoja. Nilijua utasema mwenyewe."

Nimepata aibu kadhaa katika maisha yangu, nyingine mbele ya wakaguzi, nyingine mbele ya wazazi. Hakuna iliyonifika kama ile ya kibarazani kwa Fundi, ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Nilikuwa nimejidanganya kwamba siri ilikuwa yangu peke yangu. Kumbe ilikuwa ya watu watatu, na wawili kati yao waliibeba kwa ajili yangu. Heshima niliyoipata kwa miaka 40 ya chaki niliitumia siku ile kama mcheza kamari anavyotumia fedha za watu. Niliweka dau ambalo si langu. Na yule mtoto aliyekohoa, ambaye pengine aliwahi kunisikia mstarini nikisimulia kisa cha alama 58, alijifunza nini kutoka kwangu siku ile? Sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Nikampa Fundi mfuko wa sukari. Alipoelewa ni ile ya shindano alicheka sana, akamwita mkewe. "Mama, tuchemshie chai. Mwalimu kaja na sukari yake."

Wakati chai ikichemka aliingia ndani, akatoka na bao. Sikuelewa anataka nini. Alianza kupanga kete, si kwa mpango wa kuanzia, bali kwa mashimo mengine mengine: tatu hapa, mbili pale, nane nyuma, saba mbele yake. Alikuwa akiurudisha ubao wetu wa siku ile, wiki mbili baadaye, shimo kwa shimo. Niliutazama na kuukumbuka. Mtu huyu aliishia darasa la saba, hakuna mtafiti aliyewahi kuja kumpima, na ubao mzima ulikuwa kichwani mwake pamoja na vipimo vya sare za nusu ya watoto wa Mtongani.

"Haya, Mwalimu. Panda tena."

Nikala lile shimo dogo, nikapanda kutoka kichwani, nikazichota zile tisa. Nilizipanda polepole. Shimo la nne likapata kete moja. Kete ya tisa ikaangukia shimo tupu, ikalala.

Fundi alitazama kidogo tu. Akachota, akapanda, akala nyumba yangu, akazunguka, akala tena, mkono wake ukienda bila kusita kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. Alipolala, safu yangu ya mbele ilikuwa nyeupe.

"Hamna," akasema.

"Hamna," nikaitikia.

Tukanywa chai. Ilikuwa tamu mno, maana mkewe hakuihurumia ile sukari. Kisha tukapanga bao upya tangu mwanzo, akanifunga tena, na mara ya tatu pia. Mwanawe alipita akitoka kazini, akaniamkia, akasimama kutazama. Nilimwambia mbele ya baba yake jambo nililolifanya siku ya shindano. Aliinamisha macho, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Sijui kama yamekwisha kwake. Kwangu bado.

Maskani nilirudi kesho yake. Nilimweleza mwamuzi na wazee wote kwamba mchezo wangu wa pili haukuwa halali. Kulikuwa na ubishi mdogo kama matokeo yabadilishwe, lakini mbuzi alikuwa ameshaliwa. Waliamua jambo moja la maana: mwaka uliofuata, sharti la kuwafunga midomo watazamaji lilipunguzwa. Mtazamaji hana ruhusa kushauri, lakini akiona kete imepandwa vibaya ana ruhusa kusema.

Mimi tangu siku ile nikicheza huhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka kete ya mwisho. Vijana hunicheka, wanasema Mwalimu amerudi darasa la kwanza. Nawaacha wacheke. Nikiruka, huniambia.